Pumzi Aliyopewa Wifi

Nilimwonea wivu wifi yangu kwa sababu mapafu yake yalikuwa mabovu kuliko yangu. Najua inavyosikika. Nimeifuta sentensi hiyo mara mbili na mara mbili nimeirudisha, maana nikiiacha, yatakayobaki yatakuwa habari za mama mgonjwa mwenye subira, na subira hiyo sikuwa nayo. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa kifua, hasa wale ambao nyumbani kwao wagonjwa ni wawili na mashine ni moja.

Naitwa Skola, mke wa Deo, mama yake Asteria. Tunaishi Shanwe, hapa Mpanda. Kabla ya hapo tulikaa Litapunga miaka mingi tukilima tumbaku, na wifi yangu Leokadia, dada mkubwa wa Deo, alikuwa na shamba lake jirani na letu. Tumbaku ikishavunwa majani hufungwa kwenye fito na kuning'inizwa ndani ya bani, jengo la udongo lisilo na dirisha, kisha moto unachochewa chini yake siku kadhaa mfululizo bila kuzimika. Wanaume walikata kuni. Kuchochea ilikuwa kazi yetu, mimi bani langu na wifi lake, na baina yetu hatua kama ishirini. Tulishindana kwa kila kitu. Nani kafunga fito nyingi, nani moto wake haukupanda wala kushuka, nani majani yake yametoka na rangi nzuri. Deo ndiye aliyekuwa mwamuzi, na mara nyingi ushindi alimpa dada yake. Hayo nayo sijayasahau.

Ugonjwa ulianza na kikohozi cha asubuhi. Nikasema ni tumbaku hii, msimu ukiisha nacho kitaisha. Msimu ukaisha, kikohozi kikabaki. Misimu miwili baadaye nilikuwa napimwa makohozi mara kwa mara, na kila mara naambiwa si kifua kikuu, na kila mara majirani wanakataa kuamini. Kuna nyumba nilikuwa nikienda naletewa kikombe kile kile chenye mpini uliovunjika. Nilijua ni changu peke yangu na nilikunywa chai yao hivyo hivyo.

Tulipohamia mjini sikuweza tena kubeba ndoo kutoka bombani hadi mlangoni bila kuitua mara tatu. Nilikonda, mabega yakapanda juu kama ya mtu anayesikia baridi, na shingoni pakatokea shimo ambalo lilikuwa linaingia ndani kila nikivuta pumzi. Kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha nacho ni mikono. Kuinua mikono juu ya kichwa kulinikata pumzi kuliko hata kutembea. Nikashindwa kusuka, nikashindwa hata kufunga kilemba. Siku moja nikachukua mkasi nikazikata nywele zote. Deo alirudi jioni, akaniangalia kichwa. Kesho yake aliniletea kofia ya sufu aliyoinunua Kashaulili, karibu na anapotengenezea baiskeli. Nikiwa na hasira naye, huwa najilazimisha kuikumbuka kofia ile.

Kisha mume wa Leokadia akafariki, naye akaja kwetu na begi moja na kikohozi kama changu. Deo akampa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, ili dada apate hewa. Chumba kile mimi nilikiomba kiangazi kilichotangulia, kwa sababu hiyo hiyo ya hewa, nikaambiwa ni cha wageni. Sikulalamika. Nilitandika kitanda cha wifi kwa mikono yangu, nikampa na mto wangu wa pili, na nilipotoka nikaufunga mlango kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Tukawa tunakwenda kliniki pamoja. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa kifua anajua kwamba pale watu hawapigi soga. Kila mmoja anaisikiliza pumzi ya mwenzake na kuilinganisha na yake. Mimi na wifi tulikaa kwenye benchi lile tangu mwezi wa nane, pori linapochomwa na moshi kutanda hadi mjini, mpaka mvua za kwanza. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba mapafu yetu yamechoshwa na moshi na hayatarudi yalivyokuwa, ila mwili unaweza kufundishwa kutumia vizuri kile kidogo kilichobaki. Dawa za kuvuta akatupa. Halafu akatuandikia mazoezi.

Deo alicheka aliposikia. Mtu hana pumzi, anaambiwa akafanye mazoezi. Lakini tulikwenda, Jumanne na Ijumaa, kwenye veranda ndefu nyuma ya wodi, chini ya dada mmoja mtaalamu wa mazoezi aitwaye Neema. Alikuwa na umri wa Asteria wangu, anatuamkia shikamoo kwanza na kutufokea baadaye. Alitufundisha kupumua kwa kubana midomo, kama mtu anayepoza uji. Alitufundisha kuinuka kwenye kiti bila mikono, kunyanyua chupa za maji zilizojazwa mchanga, na kupumzika kwa kuinama na kuegemeza mikono magotini bila kuona haya. Hilo la haya lilikuwa gumu kuliko chupa za mchanga.

Na alikuwa na mashine. Ilikuwa ya kijivu, ukubwa wa redio ya betri, ina mkanda wa kuvaa begani na mpira mwembamba unaoingia puani. Inavuta hewa hii hii ya kawaida, inaichuja, na kila ukivuta pumzi inakusukumia oksijeni, tsss, tsss. Haina mtungi. Unatembea nayo. Watu ambao wakienda hatua thelathini wanashika ukuta, wakivaa ile walikuwa wanafika mwisho wa veranda na kurudi. Nilivyoiona mara ya kwanza nilisahau kubana midomo. Ilikuwa moja tu kwa sisi wote.

Siku ambayo Neema alitueleza jinsi ya kuitunza, wifi hakuwepo, alikuwa Litapunga msibani. Mimi nilikaa mbele kabisa. Neema aliigeuza akatuonyesha matundu madogo ubavuni, na kipande cha sponji ndani yake kinachooshwa kila wiki. Akasema hapa ndipo yenyewe inapopumulia, ukiifunika na nguo unaikaba, itapata moto, italia, kisha itazima. Niliyakariri maneno hayo maana nilikuwa na hakika atakayepewa ni mimi. Nyumbani wifi aliniuliza tumefundishwa nini. Nikamjibu kwamba tumefundishwa kuosha sponji.

Masika yalipokaribia tukaambiwa mmoja wetu ataruhusiwa kwenda nayo nyumbani msimu mzima, ili awe anatembea nayo kila asubuhi. Atakayepewa atajulikana kwa kipimo. Wakaweka koni mbili verandani, kila mtu aende na kurudi dakika sita, kidoleni amebanwa kile kidude chenye taa nyekundu kinachosoma oksijeni.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao nadhani ni sisi watu wa bani tu tungeufanya. Nilisikia kipimo, nikaelewa mashindano. Wifi naye alielewa hivyo hivyo, nilimwona anavyokaza kanga kiunoni. Yeye akatoka kwa kasi, kama tulivyokuwa tukikimbilia fito. Mimi nikatumia akili, kwa mwendo wa pole, midomo imebanwa, sisimami wala siharakishi. Mzunguko wa nne nikampita. Alikuwa ameinama ameshika magoti, nami nikampita nikitazama mbele, na nakiri nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu Litapunga. Dakika sita zilipokwisha nilikuwa nimemwacha mbali.

Neema aliangalia karatasi zake, akanipongeza. Akasema kipimo cha kidole changu kimesimama vizuri, ila cha mama Leokadia kimeanguka sana, kwa hiyo mashine ataondoka nayo yeye. Nilimwomba arudie. Akarudia, kwa upole, akidhani sijasikia.

Asubuhi za nyumba yetu zikabadilika. Deo, ambaye kwa miaka yote ya ugonjwa wangu hakuwahi kunisindikiza hata dukani, alianza kuamka mapema kutembea na dada yake kabla ya kwenda kazini. Walitoka wawili, mashine begani kwa wifi, Deo amemshika kiwiko, na mimi nyuma. Neema alikuwa amesema na mimi nitembee kila siku kwa kiasi changu. Kiasi changu kilifika kwenye uzio wa jirani wa tatu. Nilisimama pale nimeegemea nguzo, nikiwatazama wanavyokata kona wakiongea. Wakirudi, wifi alikuwa na jasho zuri la mtu aliyefanya kazi. Mimi jasho langu lilikuwa la kukohoa.

Alipata nafuu, na kila hatua ya nafuu yake ilinichoma. Alianza kusonga ugali amesimama. Alianza kufua nguo zake. Deo alikula ugali wa dada yake na kusema haujabadilika tangu utoto wao, na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kigoda nikichambua mchicha nikaona kama nimeambiwa nikafunge virago. Halafu wifi akaingia kwaya. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Kwenye kwaya ya kigango chetu sauti ya pili nilikuwa mimi, mpaka kifua kiliponinyang'anya. Jumapili moja nimekaa benchi la nyuma na kofia yangu ya sufu, nikasikia sauti ya pili inapanda, nikainua macho, ni wifi, amesimama mahali pangu na mpira puani. Waumini walimpigia makofi baada ya ibada. Mwenyekiti wa kwaya alinishika mkono akaniambia nimshukuru Mungu kwa ajili ya wifi yangu. Nikasema namshukuru. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na mimi nilikaa kumngoja.

Mvua ndiyo iliyoleta kitenge. Wifi aliogopa mashine isilowe. Tena alichoka na macho ya watu, maana huku kwetu ukiwa na mpira puani kila mtu anataka kujua unakufa lini. Asubuhi moja Deo akiwa ameshatangulia kazini, wifi aliiweka mashine mgongoni, akainama, akatupia kitenge juu yake, akafunga fundo kifuani kama tunavyobeba watoto. Mpira akaupitisha juu ya bega. Ukimwangalia unaona bibi amebeba mjukuu. Mama mmoja mtaani alimsimamisha akaomba kumwona mtoto, na wifi akamjibu amelala, akaja kunihadithia huku anacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo akawa haibebi kwa namna nyingine.

Mimi niliona tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Niliona kitenge kinavyoyaziba matundu ya ubavuni, nikafungua mdomo, kisha nikaufunga. Nilijiambia nitamwambia akirudi. Aliporudi akanihadithia habari ya yule mama na mjukuu, nikacheka naye, sikumwambia. Nikasema kesho.

Kesho ikawa nyingine na nyingine. Mashine ilianza kulia mgongoni mwake, kilio chembamba, kitenge kinakimeza. Wifi alikuwa anaitikisa na kuibembeleza, nyamaza mwanangu, na Deo siku alizokuwepo alicheka. Baada ya siku chache akaanza kusema mashine imechoka, haimpi hewa kama mwanzo, akifika kwenye kona kichwa kinauma. Deo akaigeuza geuza, akaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyehudhuria mafundisho. Nikamjibu labda betri.

Nataka niliseme hili vizuri. Kunyamaza ningeweza kukutafutia kisingizio, mtu anaweza kusahau, mtu anaweza kudhani si kitu. Lakini "labda betri" nilisema kwa mdomo wangu, nikiwa najua. Niliwaza wataichukua waipeleke kwa Neema, Neema ataona mama Leokadia haimfai, na mashine itafika kwangu bila mimi kuomba. Kufa kwake sikukuwaza hata kidogo. Niliwaza akae chini tu, benchini, pembeni yangu.

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi. Deo alikuwa kazini, wifi akaniomba nimsindikize Kashaulili kununua dagaa, twende polepole, tupumzike kila tunapotaka. Mvua ilikuwa imekatika na jua limechomoza kali. Tulifika kwenye uzio wangu wa jirani wa tatu, tukapumzika. Tukaenda tena. Mbele kidogo nikasikia mashine inalia mgongoni mwake, safari hii kwa sauti isiyokatika, halafu ikanyamaza. Yeye hakusikia, alikuwa ananieleza jinsi ya kupika dagaa bila mafuta mengi. Katikati ya maneno akakaa chini. Hakuanguka, alikaa tu, kwenye matope, na mfuko wa dagaa mkononi bado mtupu.

Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Nilipiga magoti nikashika fundo la kitenge. Alikuwa amefunga mara mbili, kwa nguvu, kama mtu anayejua mtoto wake ni mzito. Vidole vyangu havikuwa na nguvu. Nikavuta kwa meno. Kilipolegea mashine iliniangukia mapajani, na ilikuwa ya moto kama mfuniko wa sufuria. Nikaiinua juu, nikaipepea na kitenge kile kile, nikabonyeza pa kuwashia, haikuitika. Nikabonyeza tena. Mikono yangu ilikuwa juu ya kichwa na nilisikia pumzi yangu inakwisha, nikaona mtaa unakuwa mweusi pembeni. Mama mmoja anayechoma mahindi alikimbia kutoka upande wa pili na kipande chake cha boksi, akaanza kutupepea wote watatu, mimi, wifi na mashine. Nilikuwa nalia namwambia wifi abane midomo, kama anapoza uji, bana midomo wifi. Mashine ikawaka. Ikavuta, tsss, kimya kirefu, tsss. Bajaji ilitukuta tumekaa matopeni tumeegemeana.

Hospitali walimweka kwenye mtungi mkubwa. Mimi walinipima, wakanipa dawa ya kuvuta, wakaniacha nikae kwenye benchi. Nimekaa kwenye mabenchi mengi ya wagonjwa, na hilo ndilo pekee ambalo nilitamani nisiitwe kuinuka. Deo alifika na mikono yenye grisi. Neema alikuja na ile mashine, akauliza ilikuwa imebebwaje. Deo akamwambia imekuwa ikisumbua siku nyingi, mke wangu alisema ni betri.

Wote wawili wakanigeukia. Uongo ulikuwa umeshatayarishwa na Deo mwenyewe, mimi nilitakiwa kuitikia tu. Nilimwangalia Neema, nikakumbuka nilivyokaa mbele siku ile nikimeza kila neno lake, na nikaona kwamba yeye pia anakumbuka. Nikasema si betri. Nikasema aliifunga mgongoni na kitenge, siku tisa, na nilijua.

Deo alitoka nje. Nilimwona kwa dirisha amesimama getini na mikono yake michafu ameiinua mbali na shati. Alirudi na chai, kikombe kimoja, akapita mbele yangu akakipeleka wodini.

Jioni wifi alipoanza kuongea akaniita. Nilidhani Deo ameshamwambia, kumbe alimwachia kazi hiyo mwenye kazi. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza macho yameangalia dari.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Tisa."

"Na mashine iko ndani ya nyumba yako. Kwa nini hukuniomba na wewe uivae?"

Nilisema sikutaka kukuomba kitu, wewe. Nilisema hivyo hivyo, vibaya.

Akaurekebisha mpira wa mtungi puani. "Mimi nilidhani unanionea kinyaa," akasema. "Ule mpira umepita puani kwangu. Kila siku nikirudi naiweka mezani, naenda kulala, nasema labda leo ataijaribu. Ulikuwa huigusi hata kuifuta vumbi. Nikasema basi, wifi ananichukia."

Nikamwambia kinyaa sikuwa nacho. Akasema afadhali kingekuwa kinyaa.

Alikaa wodini wiki moja. Aliporudi nyumbani hakuniita wifi tena, aliniita mke wa Deo, hata tukiwa wawili tu jikoni. Mke wa Deo, nipe chumvi. Deo aliongea na mimi mambo ya lazima, na Asteria alipiga simu kutoka Sumbawanga akaniuliza, mama, ni kweli, nikasema ni kweli, akakata. Hakuna dawa ya kuvuta inayotibu kitu hicho. Nilichoweza kufanya ni kazi ndogo ndogo. Niliosha sponji kila Jumatatu. Nilishona mfuko wa neti wenye mkanda, unaopitisha hewa pande zote, nikauacha mezani bila kusema ni wa nini. Ulikaa pale siku nne. Siku ya tano ukatoka na mashine ndani yake.

Neema hakunifukuza kwenye mazoezi kama nilivyotegemea. Alinifokea, mbele ya watu, kwa dakika nzima, kisha akaniambia nishike chupa zangu za mchanga. Masika yalipoisha tulipimwa upya. Safari hii sikushindana na mtu, nilitembea kama ninavyotembea, na kidole changu kikaanguka hata kuliko cha wifi siku ile ya kwanza. Daktari akasema sasa tunaihitaji wote wawili. Mashine bado ilikuwa moja. Ikaamuliwa tuitumie kwa zamu verandani, kila mmoja na mpira wake wa pua na kipimo chake kilichoandikwa. Nawasihi msiazimane mipira, na msiguse kipimo cha hewa bila kuambiwa. Isiwe kwa sababu ya kinyaa, iwe kwa sababu ya wadudu.

Jumanne ya kwanza ya zamu hizo Neema aliuliza nani anaanza. Nilinyamaza, nimejifunza kunyamaza kwa maana nyingine. Wifi alikuwa anakunja kanga yake.

"Aanze yeye," akasema. "Amengoja."

Nilivaa mpira, Neema akawasha. Nikavuta. Ningependa kuwaambia kwamba nilishukuru. Sikushukuru. Hewa ilishuka mpaka mahali ambapo nilikuwa nimeshasahau kwamba ni pangu, mabega yakashuka yenyewe, na jambo la kwanza lililonijia ni hasira: kumbe hivi ndivyo alivyokuwa anajisikia kila asubuhi, na Deo amemshika kiwiko, wakati mimi nimekumbatia nguzo ya jirani. Nilitembea veranda nzima na wivu ule, mpya kabisa, wenye nguvu kuliko wa zamani kwa sababu sasa ulikuwa na pumzi. Nilifika mwisho. Nikazunguka koni, nikarudi, nikaenda tena. Dakika kumi zilikuwa zangu.

Mzunguko wa tatu nilipogeuka nikamwona wifi benchini. Alikuwa ameinama, mikono magotini, midomo imebanwa. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anaitazama mashine, inavyokwenda ubavuni mwangu, na kila ikisukuma hewa kifua chake kilijaribu kuvuta pamoja nayo. Nikaujua ule uso. Niliuvaa miezi yote ile na sikuwahi kuuona kwa nje.

Neema akasema bado dakika tano, endelea mama. Nikaenda mpaka kwenye benchi, nikakaa karibu na wifi, nikaanza kuutoa mpira wangu puani.

"Zamu yako haijaisha," akasema wifi.

"Najua," nikamwambia, na nikamshikia mkanda wa mashine auingize mkono.